Sufi Isiyo na Mbegu

Ijumaa moja asubuhi, enzi za Mwingereza, wachukuzi wa korosho walimsukuma Moza katikati ya soko la Lindi, akaangukia magunia ya sufi.

"Pole, bibie. Umelipenda godoro?" akacheka muuzaji, kijana wa Rondo aitwaye Likwata.

Moza akajifunika kanga yake upesi. "Nipe ya senti kumi tu."

"Ya senti kumi? Huo mto wa paka!"

Moza akacheka. Hakuwa amecheka tangu daktari Mzungu amkate titi la kushoto kwa sababu ya uvimbe, na mumewe akamwachia barua ya talaka. Sasa alikaa chumba cha kupanga, peke yake, akipika vitumbua. Sufi aliishindilia ndani ya kanchiri, mahali pa titi. Na kila hina ilipofifia alishika kioo, akajichora upya duara juu ya kovu, na kitone katikati. Hakuna aliyeliona.

Sufi hulala ikikandamizwa, kwa hiyo alirudi kila Ijumaa.

"Paka hajambo?"

"Anakusalimu."

Mwezi wa tano Likwata akapeleka posa kwao Moza, huko Pande. Moza akaikataa, wala hakutoa sababu. Hata mtalaka husingwa kabla ya harusi. Wanawake wangemvua wamsugue singo mwili mzima, na kabla ya magharibi mji mzima ungejua.

Tangu hapo Likwata alimpimia sufi bila neno. Moza alirudi chumbani akala vitumbua vilivyobaki, akisikiliza majirani wakiitana.

Hatimaye akaenda kwa Mama Stefania, Mmakonde mchanja chale.

"Mume ndiye kataka?"

"Sina mume, mama. Nimechoka na hina."

Mama Stefania akamchanja duara juu ya kovu, akasugua masizi. "Hili utazikwa nalo."

Kidonda kikawaka moto. Kila mbegu iliyojificha ndani ya sufi ikamchoma. Siku ya tatu akaenda sokoni.

"Nipe isiyo na mbegu."

"Mwenye mto analalamika?" Likwata hakuinua macho. "Mwambie achambue mwenyewe."

"Mwenye mto nani?"

"Huyo bwana aliyeniwahi. Analalia sufi yangu kila siku."

Moza akainama karibu, baibui likagusa gunia.

"Hakuna mto, Likwata. Ni hapa." Akaweka kiganja kifuani. "Nilikatwa. Sufi yako ndiyo najazia. Mama Stefania amenichanja chale palipokuwa na chuchu, bado mbichi. Nikisingwa wataniona, ndiyo maana nilikataa. Nipimie niondoke."

Likwata akainua macho. Mteja akaita, hakumjibu.

"Miezi yote hii nakupa yenye mbegu?"

"Ndiyo."

"Na husemi!"

Akamsogezea kigoda. Akaweka bonge la sufi magotini, akaanza kuitoa mbegu moja moja.

"Na singo?" Moza akauliza kwa sauti ndogo.

"Atakusinga Mama Stefania. Yeye ameshaona."

Moza akakaa. Akavuta nusu ya lile bonge, wakachambua.