Kifafa Kilipoingia Saluni

Dada na mdogo wake walikuwa na saluni ya chumba kimoja karibu na soko. Dada alikuwa msusi wa siku nyingi, na mdomo wake haukuwa na breki. Mdogo mtu alikuwa mkimya, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwavuta nywele.

Asubuhi moja saluni ilijaa. Dada alikuwa akimwosha mteja kichwa. Mdogo wake alikuwa akimsuka muuguzi wa zahanati ya jirani. Alipofika katikati ya kichwa, mikono yake ikasimama. Macho yakamtoka. Akaanguka kama gunia, mwili ukaanza kutetemeka, na povu likamtoka mdomoni.

"Jamani, kifafa!" mteja mmoja akapiga kelele. "Msiguse hilo povu, mtaambukizwa!"

Akatoka mbio na taulo kichwani. Wengine wakamfuata.

Dada akanyakua kijiko, akapiga magoti ili akiingize kati ya meno ya mdogo wake.

"Acha, mama!" muuguzi akasema. "Usimtie kitu mdomoni. Utamvunja meno."

"Atameza ulimi!"

"Ulimi haumezwi. Iondoe hiyo pasi ya nywele, isimuunguze. Nipe taulo."

Muuguzi alikuwa na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Alikunja taulo, akaliweka chini ya kichwa cha msichana. Hakumbana mikono wala miguu. Alitazama saa ya ukutani.

"Zikipita dakika tano hajatulia, tunamkimbiza hospitali," alisema.

Muda si mrefu mtetemeko ukaisha. Muuguzi akamlaza ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri.

Mdogo mtu alizinduka polepole. Akaona viti vitupu, akaanza kulia.

"Imeshamtokea nyumbani pia," dada akamwambia muuguzi. "Nilidhani ni mashetani. Nilitaka akae ndani tu, asije akaniaibisha... yaani, asije akaumia."

"Nimesikia," mdogo wake akasema.

Muuguzi akaketi sakafuni pamoja nao.

"Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana," akaeleza. "Umeme huo ukivurugika ghafla, mtu anaanguka na kutetemeka. Ikijirudia, huenda ni kifafa. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Hakuna aliyemroga. Na hauambukizi, hata ukiguswa na mate. Dawa zipo. Mpeleke hospitali kesho."

Hospitalini, daktari alimuuliza dada maswali mengi, maana mgonjwa mwenyewe hakumbuki alivyoanguka. Akampima, kisha akampa vidonge.

"Meza kila siku," daktari alisema. "Hata ukijiona mzima, usiache bila kuniuliza. Lala vya kutosha. Kwa sasa kaa mbali na moto."

Basi kazi ya pasi ikawa ya dada. Miezi ikapita salama. Wateja wakarudi mmoja mmoja.

Mdogo mtu akajiona amepona. Akaacha vidonge kimyakimya. Haikupita wiki, akaanguka nyumbani akiosha vyombo.

Safari hii dada hakutafuta kijiko. Alisogeza vyombo, akamwekea kanga chini ya kichwa, akasubiri. Mtetemeko ulipoisha, akamlaza ubavu. Akabaki naye mpaka akazinduka.

"Vidonge umeviacha?"

"Nimeviacha."

"Kesho tunarudi kwa daktari. Nakuja na wewe, utake usitake."

"Huoni aibu kuongozana na mimi?"

"Aibu ninayo, lakini ni ya yale maneno yangu," dada akasema. "Nisamehe, mdogo wangu."

Daktari akamrudisha kwenye dawa. Hakuziacha tena, na kifafa kikatulia.

Siku moja mteja mgeni alikaa kwenye kiti. Mdogo mtu alishika kitana, lakini hakuanza kusuka.

"Kabla sijaanza, mimi nina kifafa," alisema. "Natumia dawa, na ni muda mrefu sijaanguka. Ikitokea, usikimbie. Usinitie kitu mdomoni. Nikitulia, nilaze ubavu, na umwite dada yangu yule pale."

Mteja akamtazama kwenye kioo.

"Halafu?"

"Halafu nikishapumzika, namalizia nywele zako."

Mteja akacheka, akainamisha kichwa.