Mshono wa Bwana Moshi

Asubuhi ile duka la sponji lilijaa hadi barazani. Mafundi waligombea vipande vya bei nafuu, na wawili wakajikuta wameshika kipande kimoja, kila mtu na upande wake. Mmoja alikuwa fundi wa makochi, dada mwembamba wa gauni la kijani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Wa pili alikuwa kaka mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, lakini ananuka moshi kama aliyelala jikoni.

"Kaka, hiki changu," dada alisema. "Wewe nenda kwanza ukaoge."

Kaka akacheka, akakiachia. Akaeleza kwamba moshi ndiyo kazi yake: yeye na wenzake wako maabara, wanachoma mapazia, mazulia na magodoro, wanapima sumu inayotoka. Dada akashangaa kwamba kuna mtu analipwa kwa kuunguza vitu, maana yeye utotoni aliunguza shuka moja tu akachapwa mpaka akasahau jina lake. Walipotoka pale namba za simu wameshapeana. Tangu siku hiyo kaka akawa Bwana Moshi, na dada akawa Fundi wangu.

Kila jioni Bwana Moshi alimpigia kumuuliza ameshona nini, naye akaulizwa ameunguza nini. Fundi akamshonea mto mwekundu wa kochi, kwa mshono wake wa kujificha, ule ambao uzi hauonekani ulikoanzia.

Kisha Bwana Moshi akaenda kumsalimia mama yake Fundi. Karakana ndiyo ilikuwa nyumba. Mbele cherehani na meza, nyuma sponji zimepangwa hadi darini, kando yake kitanda cha mama, na karibu na kitanda jiko la mafuta linaunguruma. Dirisha hakuna. Kijana akanywa chai yake kimya. Mama akadhani ana haya.

Haikuwa haya. Aliporudi kwake aliufumua ule mto, akakata kipande cha sponji ya ndani, akakipeleka maabara. Majibu yalipotoka, mdomo ukawa mzito. Amwambieje mpenzi wake kwamba riziki yake inaweza kumuua mama yake? Akaushona mto mwenyewe, akajiambia atasema kesho. Kesho ikafika, akaisogeza tena.

Jumapili Fundi akaenda kumtembelea, gauni la maua, hereni mpya. Mwenyeji akiwa jikoni anachemsha chai, mgeni akauvuta mto auegemee. Vidole vikasimama. Mshono si wake. Uzi mweusi, hatua fupi fupi, umekazwa kwa uangalifu. Kuna mwanamke anakaa hapa, akawaza, mto umechanika naye akaushona kama mwenye nyumba. Hakuuliza. Alisema kichwa kinamuuma, akaondoka na hereni zake.

Simu za Bwana Moshi zikaita bila kupokelewa. Mama akachoka na ule mlio, na siku moja, binti yake akiwa ameenda kupeleka kochi, akapokea yeye. Alitaka kujua jambo moja tu, lile binti alilomweleza kwa machozi: nani aliyeshona mto.

"Mimi, mama. Kwa uzi wa vifungo."

Mama akacheka hadi akakohoa. Kisha akauliza kwa nini aliufumua. Hilo, kijana alisema, anaomba amwambie Fundi kwanza, na kazini kwake, ili aone kwa macho.

Mama alipomfikishia ujumbe, Fundi akaenda kwa shingo upande, kitambaa amekifunga hadi kwenye nyusi. Nyuma ya kioo, Bwana Moshi aliweka kipande cha sponji ya ule mto, ukubwa wa sabuni, chini ya waya uliowiva mwekundu. Sponji ikanywea, ikayeyuka kama sukari, moshi mzito ukajaa kisandukuni. Mrija ukauvuta hadi kwenye mashine, na namba zikaanza kupanda.

"Hapo moto bado uko kwenye jiko lenu," alisema. "Hewa hii imeshafika kitandani kwa mama. Na aliyelala haimwamshi."

"Umejua lini?"

"Nilipofumua mto."

Fundi akaziacha namba, akamgeukia.

"Nimelia kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo. Kumbe kosa lako ni hili. Mama yangu amelala mle siku zote hizi, na wewe unajua, unaniuliza nimeshona nini."

Hakujitetea. Alisema tu kwamba aliogopa kumpoteza. Fundi akamwambia avue koti la maabara, kuna vitu vya kubeba.

Kabla jua halijazama kitanda cha mama kilikuwa mbele, kando ya mlango. Jiko likatolewa barazani, sponji zikahamia stoo ya jirani muuza mabati. Bwana Moshi alibeba hadi shati jeupe likapoteza rangi. Fundi hakumsemesha, ila alimpa maji ya kunywa. Mama akaiona ile glasi ya maji, akageukia ukutani atabasamu.

Bwana Moshi akawa anakuja kila jioni. Akafundishwa kushona, akajichoma vidole, akachekwa. Utani ukarudi kidogo kidogo. Mchana mmoja akatokea na shati la bluu, hanuki moshi hata chembe, akasema anataka kuagiza godoro.

"La sponji?"

"La pamba."

"La mtu mmoja?"

"La wawili."

Fundi akaendelea kukata kitambaa. "Wa pili nani?"

"Yule uliyemlilia, asiyekuwepo. Nataka awepo."

Mkasi ukasimama. Barazani, mama naye akaacha kukoroga chai. Fundi akavua futi shingoni, akampima Bwana Moshi tangu utosini hadi kisiginoni, akaandika kwa chaki ukutani. Kisha akamtia ncha ya futi mkononi.

"Shika hapa," alisema. "Sasa nipime mimi."