Hatua ya Tisa

Ua wa ile nyumba ndogo ulikuwa umelowa. Zena aligusa kwa ncha ya kidole, akanusa. Haikuwa gundi wala rangi. Yalikuwa maji, tena maji yaliyolala gizani siku nyingi, yenye harufu ya saruji na majani yaliyooza.

Ilikuwa Septemba. Newala nzima ilikuwa imekauka, wanawake wanateremka bondeni na ndoo tangu alfajiri. Nyumba yenyewe, iliyotengenezwa kwa maboksi ya viatu, ilikaa juu ya meza ya cherehani, mbali na dirisha na mbali na mtungi. Zena alitazama dari. Palikuwa pakavu. Akaubandua ule ua wa karatasi ngumu, akakata mwingine, akaugundisha mahali pake, na hakumwambia mtu.

Mambo ya nyumba ndogo yalimjia kwa bahati tu. Ile ilikuwa miaka ya ruksa: maghala ya chama cha ushirika yamefungwa makufuli, wanunuzi binafsi wa korosho wanazunguka vijijini na mizani zao, na mitumba inashushwa sokoni robota baada ya robota. Zena aliuza nguo za watoto. Siku moja alipokuwa akipekua robota lake alikuta boksi limeviringishwa ndani ya sweta. Juu yake palikuwa na picha ya nyumba ya paa jekundu. Ndani mlikuwa na kuta, milango na madirisha ya plastiki, madogo madogo, yameshikilia kwenye vijiti vyake kama kunde kwenye mche. Hakuna mteja aliyelitaka. Akarudi nalo nyumbani.

Alianza vibaya, kama waanzao wote. Alivinyofoa vipande kwa mkono, vikabaki na makovu. Gundi aliimwaga kama anayepaka samli kwenye chapati, mlango ukagandia usifunguke, na alama za vidole vyake zikabaki ukutani. Lakini muda wote alioinama juu ya vile vipande hakuwaza kitu, na ilikuwa imepita miaka miwili tangu akae hata nusu saa bila kuwaza. Hicho ndicho kilichomnasa.

Mwalimu Sadallah, aliyefundisha michoro ya ufundi sekondari, alikuja kununua kaptula za wanawe akaiona ile kazi. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama Hamudi, kwanza panga vipande bila gundi. Vikikubaliana ndipo ugundishe. Kata kwa wembe, kisha piga msasa. Na rangi iwe nyepesi, upake mara mbili tatu, usiibandike mara moja kama uji."

"Sasa nitajenga nini tena, mwalimu? Boksi lilikuwa hilo moja."

"Jenga nyumba unayoijua. Jenga yako. Pima kwa hatua: hatua yako moja ni nusu mita. Ukijenga moja kwa hamsini, kila hatua inakuwa sentimita moja. Hesabu ni hiyo tu."

Basi Zena akaanza kuipima nyumba yake, akitembea na kuhesabu. Akajenga ukumbi, vyumba vitatu, jiko na choo cha uani. Bati la paa alilitengeneza kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara, akizikunja mkunjo kwa mkunjo juu ya njiti za kiberiti. Kila kitu alikiweka mahali pake, isipokuwa kisima.

Kisima kile mumewe, Awadhi, alikichimba baada ya kuezeka bati, ili maji ya mvua yatoke paani yaingie shimoni na wao wasiteremke tena bondeni. Kina chake kilikuwa cha watu wawili waliosimamiana mabegani. Mdomo wake ulikuwa katikati ya ua, sawa na ardhi, umefunikwa kwa mfuniko wa bati. Na Bi Somoe, mama yake Awadhi, alikuwa haoni. Ua aliujua kwa kuhesabu. Alitoka mlangoni pake akiburuta kandambili, akitamka kwa sauti: moja, mbili, tatu. Hatua ya tisa bati lililia chini ya mguu wake, na hapo aligeuka kulia kwenda kutawadha. Lile bati ndilo lililokuwa jicho lake.

Asubuhi ile, miaka miwili nyuma, Zena alichota ndoo mbili mbiombio. Sokoni marobota yalikuwa yanafunguliwa, na anayechelewa huambulia matambara. Mfuniko aliuegemeza kwenye pipa, akasema atarudi kuufunika, akajitwisha kapu lake, akaenda. Yuliana, mwanamke wa Chiungutwa aliyewasaidia kazi za nyumbani, alikuwa mashineni kusaga mahindi. Adhuhuri Bi Somoe alitoka kwenda kutawadha.

Jioni, maiti ikiwa ndani imefunikwa shuka, Awadhi aliuliza mbele ya watu, "Nani alichota maji mwisho?"

Zena alifumbua mdomo aseme. Akaona wifi zake wote wamemkodolea macho.

"Yuliana," akasema.

Lilikuwa neno moja tu. Yuliana, ambaye kweli alikuwa amechota alfajiri, aligeuka huku na huku kama mtu anayeitwa kwa jina lisilo lake. Wifi mmoja alimzaba kibao. Kesho yake alipandishwa gari na kifurushi chake, akarudi kwao, na jina la muuaji likawa limetangulia kufika.

Siku ya pili baada ya kukata ua mpya, jua likiwa la utosini, Zena aliingia chumbani akakuta karatasi imetoboka. Tundu lilikuwa la mviringo, kingo zake mbichi. Akachukua rula, akapima kutoka mlango wa chumba kilichokuwa cha Bi Somoe. Zilikuwa sentimita tisa kamili.

Alilibandikia kiraka. Kesho yake, saa ile ile, kiraka hakikuwepo. Akaweka kingine cha karatasi nene mara mbili, nacho kikaondoka. Sasa harufu ilikuwa imetoka mezani ikaingia kwenye mapazia, ikaingia kwenye nguo za biashara, hata wateja wakawa wanazinusa na kuzirudisha.

Kisha zikaja kandambili. Zilianza kwa mbali, kama mende anayetembea juu ya gazeti, naye Zena akajidanganya kwamba ni mende, mpaka mchana mmoja alipokuwa peke yake na nyumba nzima imenyamaza, akasikia kutoka ndani ya zile kuta za maboksi sauti nyembamba isiyozidi ya mbu, lakini yenye kila kitu cha Bi Somoe, mkwaruzo wake, pumzi zake fupi, hata namna yake ya kuvuta neno "nne", ikihesabu polepole, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, na baada ya nane isije tisa, kisije kilio cha bati, kisije kitu chochote ila kimya kirefu ambamo Zena alijikuta akisubiri, kucha zimezama viganjani, mpaka kule chini kabisa ya meza kitu kikasema *chubwi*.

Alikimbilia nje. Alikaa barazani mpaka Awadhi akarudi kutoka kwenye mizani ya korosho kuja kula.

"Mbona umekaa juani, Mama Hamudi?"

"Ndani kuna joto."

"Na hiyo harufu? Kisima kimepasuka?"

Zena alipakua ugali na kisamvu. Awadhi alikuwa anapeleka tonge kinywani mkono wake uliposimama hewani. Kandambili zilikuwa zinaburuzwa chumbani. Hazikuwa tena za mende. Zilikuwa za mtu mzima.

"Tano," sauti ilisema nyuma ya pazia. "Sita."

Tonge likamponyoka. "Zena," alinong'ona, "umesikia?"

"Nyamaza, Baba Hamudi. Usiitike, nakuomba."

Lakini mtoto hawezi kuisikia sauti ya mama yake akakaa kimya. Awadhi alisimama, uso umelowa machozi, akainama kama alivyomwinamia kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

Kandambili zikasimama.

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti. Kisha ikauliza taratibu, bila hasira, "Nani alichota maji mwisho?"

Zena aliutazama mkeka. Alijua kwamba akisema sasa yataisha, na hakusema.

"Yuliana, mama," alijibu Awadhi.

Kule chumbani, tokea mlangoni, kandambili zikaanza upya. "Moja," sauti ilisema.

Hawakulala nyumbani siku ile. Walijihifadhi kwa jirani, na asubuhi Awadhi akamleta Fundi Fikirini, mzee mfupi aliyesifika kwa kutoa majini, mwenye mkoba wa ngozi na kikohozi cha tumbaku. Fikirini hakufukiza ubani wala hakufungua kitabu. Aliizunguka ile nyumba ya maboksi, akachungulia madirishani kama anayemtafuta mwenyeji.

"Kazi nzuri," alisema. "Nani amejenga?"

"Mimi, fundi."

"Uliijenga ukasema bismillahi? Ukamweka mtu ndani?"

"Ni ya kuchezea tu, fundi. Atakaa nani?"

"Kwako ya kuchezea. Kwa jini nyumba ni nyumba, hata itoshe kiganjani. Amepita, ameikuta tupu, ameingia."

"Si mama?" Awadhi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe ndiyo.

"Aliyekufa harudi, mwanangu. Huyu ni wa maji, ameazima sauti. Lakini jini wa maji hatoki shimoni bure. Ameokota kitu humo mlimokitupa ninyi." Akamgeukia Zena, akateremsha sauti. "Ninaweza kusoma hapa mpaka ndevu zifike kifuani, mama. Anauliza swali. Mpeni jibu lake."

Wakakaa wote watatu kwenye mkeka, wakilisubiri jua lipande. Zena alimtazama mumewe, zile mvi zilizomtoka ndani ya miaka miwili. Alifikiri kwamba huenda hii ndiyo saa ya mwisho kuitwa Mama Hamudi ndani ya nyumba hii.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kisha kandambili, kisha hesabu, mpaka nane. Pazia lilikuwa limetulia, na chini ya pindo lake palikuwa na unyevu unaotambaa kuja kwao.

"Nani alichota maji mwisho?"

"Mimi," alisema Zena.

Awadhi aligeuza kichwa.

"Mimi, mama. Zena. Nilikuwa nawahi sokoni. Mfuniko niliuegemeza kwenye pipa, nikasema nitarudi, sikurudi. Yuliana alikuwa mashineni. Nilimsingizia."

Hapakuwa na kilio wala upepo. Sauti ilivuta pumzi fupi, ikasema, "Tisa," na nje uani, juani, pasipo na mtu, mfuniko wa bati ulilia kama unaokanyagwa. Unyevu ukasimama pale pale ulipofika. Fikirini alianza kusoma kwa sauti ya juu, akaibeba nyumba ya maboksi kwa mikono miwili, akaichoma nyuma ya choo pamoja na ubani wake wote.

"Ametoka," alisema alipokuwa akipangusa jivu. "Lakini amesimama kizingitini. Aliyesingiziwa bado hajasikia."

Awadhi hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alisema maneno mawili tu, "Twende Chiungutwa," na mpaka Masasi, juu ya pikapu iliyojaa magunia, hakumwangalia. Masasi waliazima baiskeli mbili. Njia ilikuwa ya mchanga, na Zena hakuthubutu kusema amechoka.

Walimkuta Yuliana nyuma ya nyumba ya mama yake, anamenya karanga. Alikuwa amekonda, kichwa amekinyoa. Alipowaona alipiga magoti pale pale kwenye maganda.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

Zena naye akapiga magoti, jambo ambalo halijawahi kuonekana pale. Akasema yote tena. Alipomaliza, Yuliana alikuwa anatikisa kichwa, kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto.

"Hapana, mama. Ni mimi. Nakumbuka vizuri. Nilichota alfajiri, nikasahau kufunika."

"Ulifunika, Yuliana. Nilikuta pamefunikwa."

"Sikufunika. Watu wote walisema. Kila siku nauona mkono wangu unaliacha lile bati."

Mama yake, Anjelina, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko, alisema kwa sauti kavu, "Miaka miwili huyu hajachota maji. Wenzake kisimani walimwambia asisogee, na baadaye akawa hasogei mwenyewe. Mimi na mgongo wangu ndiyo namchotea."

Zena alimshika Yuliana mikono yote miwili. "Sikiliza. Kamba ulikuwa umeiviringisha juu ya mfuniko, mafundo mawili, kama ulivyozoea. Niliifungua mimi. Fundo la pili lilikuwa gumu, nikatumia meno. Ungewezaje kufunga kamba juu ya mfuniko uliokuwa wazi?"

Macho ya Yuliana yalikwenda mbali, yakawa yanatafuta kitu. Vidole vyake, ndani ya mikono ya Zena, vilianza kutikisika kidogo kidogo, vikikunja na kuvuta kamba ambayo haikuwepo: fundo la kwanza, kisha la pili. Alivitazama vidole vyake mwenyewe.

"Nilifunga," alisema.

Akajitoa mikononi mwa Zena. Hakulia. Aliinuka, akachukua ndoo iliyokuwa imefudikizwa mlangoni, akashika njia ya kisimani. Mama yake akatupa mwiko akamfuata, akirudi nyuma, akimfuata tena, akiwapigia kelele waliokuwa huko wampishe mwanawe. Wakampisha.

Aliporudi alitua ndoo kivulini, akazamisha bakuli. Alimpa mama yake kwanza, naye akanywa. Akampa Awadhi, kwa mikono miwili, akiinama, na Awadhi alishindwa kunywa, akakaa amelishika tu. Kisha akachukua bakuli jingine, akachota la tatu, akanywa mwenyewe polepole mpaka likaisha, akaifunika ndoo, akarudi kwenye karanga zake.

Zena alikuwa na kiu tangu Masasi. Hakuomba.