Kipande cha Mlangoni

Kama unaishi mtaa wa Lindi, karibu na Soko la Toi, huenda unamjua Makau, yule fundi wa nyasi bandia ambaye siku hizi hafungi mlango wake. Watu humcheka, wanasema amechoka na vitu vyake, anawagawia wezi. Mimi simcheki. Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na haya alinieleza mwenyewe mara moja tu.

Yalianza Jumatano moja ya jua zuri. Mama Valentine wa mtaa wa Olympic, muuza mitumba katika Soko la Toi, alimwita kwa simu. Jiko lilikuwa limeanguka uani mwake, makaa yakayeyusha nyasi zile za plastiki na kuacha shimo la ukubwa wa sahani. Alikuwa mwanamke mpole, wa maneno machache. Alimpa Makau chai na viazi vitamu, akaketi naye mpaka akamaliza kula. Sasa, Makau alikuwa na miaka miwili tangu amzike mkewe Kaveke kule Kitui, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemuuliza kama ameshiba.

"Ziba hiyo shimo tu," mama alimwambia akiondoka kwenda sokoni. "Hapo kwa mlango wachana napo, fundi."

Makau alidhani mama anaona haya kumwongezea kazi. Aliziba shimo vizuri, akapiga brashi uani kote, akamwaga mchanga laini ili nyuzi zisimame. Zilisimama zote, isipokuwa pale mlangoni. Hapo palikuwa na alama mbili fupi zilizolala, na hata alipozipiga brashi mara kumi, zililala vilevile. Akaamua nyuzi hizo zimekufa. Kwa kuwa chai ile ilikuwa bado inamkaa moyoni, alikata sehemu hiyo yote, akaweka kipande kipya bila kuombwa. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Makau alitenda wema, akaenda zake na kile kipande cha zamani, maana fundi hatupi kipande. Alikitandika ndani ya mlango wa chumba chake kiwe cha kupangusia miguu. Jioni hiyo nyuzi zake zilikuwa zimesimama wima.

Kesho yake alikuwa na kazi Kawangware. Alirudi saa kumi, akafungua kufuli, akasukuma mlango.

Nyuzi zilikuwa zimelala. Nyayo mbili za mtoto, na vidole vyake vyote, zikitazama mlangoni.

Chumba hakina dirisha, na kufuli lilikuwa zima. Makau aliinama akaweka kiganja juu ya unyayo mmoja. Palikuwa na joto.

Aliogopa, tena sana. Alipiga brashi, nyuzi zikasimama. Ijumaa aliporudi, nyayo zilikuwepo. Jumamosi vilevile. Angeweza kukitupa kile kipande, lakini hapa ndipo moyo wa binadamu unaponishangaza: Jumatatu alijikuta anatembea haraka kutoka kazini. Kuna mtu alikuwa anamngoja. Alifungua mlango, akasema polepole, "Nimerudi." Akasikia aibu, halafu akasikia raha.

Siku hiyohiyo mama alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea kando ya mgonjwa.

"Fundi, ile kipande ya mlango iko wapi?"

"Nilikuwekea mpya, mama. Ile ilikuwa imeisha."

"Haikuwa imeisha. Valentine wangu alikuwa anasimama hapo, bila viatu, ananingoja nitoke soko. Tulimzika mwaka jana. Lakini nikirudi nilikuwa napata amesimama. Kila siku, fundi. Tangu ukuje, hakuna."

Makau alitazama sakafuni. Nyayo zilikuwa pale, ndogo, karibu na viatu vyake.

"Nilitupa," akasema.

Alimsikia mama akianza kulia. Makau akakata simu.

Kesho yake alipofungua mlango, nyayo zilikuwa zimegeuka. Visigino vilikuwa mlangoni. Vidole vilielekea kitandani.

Hakuketi. Alikunja kipande, akakiweka kwenye mfuko wa unga, akaenda mbio mpaka Olympic. Alimkuta mama uani, akapiga magoti mbele yake, akakiri uongo wake. Mama hakumtukana. Alimshikia tu gundi wakati anang'oa kipande kipya na kurudisha cha zamani mahali pake. Walipomaliza, mama alikipapasa kwa mkono kama mtu anayelaza mtoto.

"Asante kwa kumrudisha," akanong'ona.

Makau alilala vizuri usiku huo, wa kwanza kwa siku nyingi, ingawa chumba kilikuwa kitupu. Asubuhi alitandika blanketi lake, akafunga kufuli, akaenda kazini. Saa kumi na moja, akiwa bado njiani, simu iliita.

"Fundi, nyasi imesimama tu. Umerudisha kipande. Mtoto ako wapi?"

Makau alikaza mwendo. Alifika mlangoni. Alifungua kufuli.

Sakafu ya saruji haikuwa na kitu. Blanketi alilolinyoosha asubuhi ndilo lililokuwa na mabonyeo mawili madogo ya nyayo, kando ya mto wake.

Tangu siku hiyo Makau haufungi mlango. Kila asubuhi humwambia, "Valentine, mama anakungoja Olympic. Enda." Kisha huuacha mlango wazi kabisa, akaenda zake.

Mimi nilihama mwezi uliopita. Siku ya kuhama, wakati Makau yuko kazini, nilichungulia kwenye upenyo. Blanketi lilikuwa limetandikwa vizuri. Nyayo zilikuwa palepale kando ya mto, na mlango aliouacha wazi ulikuwa umeegeshwa kutoka ndani.