Swichi Iliyonuka Jikoni

Kila asubuhi Chiriku alifagia jiko, akaosha vikombe, kisha akambembeleza mdogo wake mchanga mpaka alale. Kazi zote alizifanya huku akiongea, ndiyo maana wakampa jina hilo. Lakini Jumamosi ile mdomo ulizidi. Oveni ya umeme iliyongojewa miezi mingi ilikuwa imefika, na swichi yake kubwa imefungwa ukutani, kando ya mlango wa chumba cha mtoto.

"Mama, leo ndiyo leo," alisema. "Darasa zima nimeshaliambia. Keki ya kumuaga mwalimu inatoka kwetu."

"Umetangaza harusi na bwana harusi hajapatikana," mama alimjibu. "Mjomba wako ndiye fundi, na kafuata waya mnene dukani. Mpaka arudi, mtu asiguse kitu."

Mama alipotoka kununua mayai, kaka yake Chiriku, aliyekuwa sekondari na aliyejiona fundi tayari, alichukua waya mwembamba uliobaki kwenye mkoba wa mjomba.

"Ona, umeandikwa tisini. Unavumilia joto la nyuzi tisini. Mnene wa nini tena? Mjomba anapenda tu kubeba mizigo."

"Mama kasema tusiguse."

"Na keki unaitaka, huitaki?"

Chiriku aliitaka. Kaka akazima meni swichi, ile ya umeme wa nyumba nzima, akaunga waya, akawasha. Mama aliporudi aliambiwa mjomba amepita na kumaliza kazi. Chiriku akayapokea mayai na kuanza kuyavunja.

Oveni iliwaka. Nyuma ya kioo unga ulianza kuumuka, na harufu tamu ikajaa nyumba nzima. Chiriku alirukaruka, akakimbia chumbani kumwona mtoto, akarudi kuchungulia tena. Mara ya tatu alipopita mlangoni, shavu lake lilihisi joto. Likaja na harufu nyingine, kama ya kitana cha plastiki kilichoanguka kwenye makaa. Ilitoka kwenye swichi.

"Nyamaza," kaka alimnong'oneza. "Bado kidogo tu iive. Mama akizima sasa, keki inabonyea. Jumatatu utawaambia nini wenzako?"

Chiriku aliitazama keki. Imepanda, imeanza kuwa na rangi. Ndani ya chumba mtoto akapiga chafya, kisha akakohoa.

"Mama, zima umeme," alipaza sauti. "Mjomba hakupita. Ni sisi tuliounga, na swichi inaungua."

Mama hakuuliza swali. Alizima meni swichi, akamnyakua mtoto na kuwatoa wote nje.

Mjomba alirudi na waya wake mnene begani. Alipofungua swichi, plastiki iliyozishika skrubu za kubana waya ilikuwa imeyeyuka na kuwa nyeusi.

"Mbona waya wenyewe mzima?" kaka aliuliza, sauti imeshuka.

"Ndiyo, waya unavumilia tisini. Chiriku, wewe mwenye macho makali, soma hapa kando ya skrubu."

Chiriku aliinama. "Sabini na tano."

"Basi. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo wa oveni unapata joto, na joto linatembea hadi kwenye skrubu. Waya unasema bado naweza, skrubu zimeshachoka. Ndiyo maana fundi hapimi kwa aliye hodari. Anapima kwa anayechoka mapema, kisha anachukua waya mnene usiochemka."

Mjomba alifunga swichi mpya na waya mnene. Oveni ilipowaka tena, kila mtu alipeleka kiganja karibu na swichi. Baridi. Keki ya kwanza ilikuwa imebonyea kama kofia iliyokaliwa. Ya pili ilipanda vizuri, na Chiriku akaanza kupiga makofi.

Mama alimketisha pamoja na kaka yake, mtoto akiwa amembeba mgongoni. Siku hiyo hakukubali kumtua.

"Keki ikibonyea tunapika nyingine. Mdogo wenu angepikwa wapi? Wewe, kazi ya umeme ina wenyewe; hukujua, na ukadanganya kwamba fundi amepita. Na wewe, mwanangu, mdomo wako hufanya kazi siku nzima, ukataka kuupumzisha siku tunayouhitaji. Ukinusa hatari, sema. Hata kama na wewe una kosa ndani yake, sema upesi."