Ghorofa ya Nyoka ya Leonia

"Nyoka wako hali, mimi nifanyeje, Leonia? Nimlishe kwa kijiko?"

"Wewe ndiye uliyemwangalia vibaya, dada Frida. Wako wanakula, wangu hali. Kwa nini?"

"Kamuulize nyoka."

Leonia alikuwa amesimama mlangoni kwa Frida, mikono kiunoni. Ilikuwa asubuhi, mtaani Buzebazeba. Wanawake waliokuwa wanatoka bombani walitua ndoo zao. Hakuna aliyekuwa na haraka tena.

Leonia na Frida ni majirani. Katikati yao kuna ua wa matete tu. Wote wawili wanafuga nyoka wasio na sumu. Wana kibali cha ofisi ya wanyamapori. Huwapeleka nyoka hao shuleni ili watoto wajifunze. Frida ndiye aliyeanza. Leonia akaona, akatamani, akaanza na yeye.

Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza Frida alipopanga masanduku yake ya nyoka kwenda juu, kama ghorofa. Mbele yalikuwa na vioo vinavyong'aa. Watu walitoka hata Ujiji kuja kutazama. Wakifika mlangoni kwa Leonia wanauliza, "Samahani mama, kwa Frida ni wapi?"

Swali hilo lilimkaa Leonia kooni kama mwiba wa samaki mgebuka.

Akamwambia mumewe, "Bonifasi, na mimi nataka ghorofa."

"Tunajua kuijenga?"

"Nimechungulia uani kwake. Nimeiona yote."

Bonifasi akajenga kwa wiki moja. Ndugu yake wa Bangwe alimpa wavu wa waya, uliotoka kwenye chanja kuukuu za kuanikia dagaa. Wakauweka mbele badala ya kioo. Nyoka wawili wadogo wakakaa chini. Chatu, ambaye ni mrefu kama mtu, akawekwa juu kabisa. Leonia alitaka aonekane tokea barabarani.

Sasa chatu huyo alikuwa hajala kwa wiki saba. Na pua yake ilikuwa na kidonda.

Basi wakiwa bado wanajibizana pale mlangoni, mwanamke mwenye daftari akatoka ndani kwa Frida. Aliitwa Elinipa. Ni ofisa wa wanyamapori, mtu wa Same aliyehamishiwa Kigoma. Siku hiyo alikuwa anakagua wafugaji.

"Mama Leonia, nilikuwa nakuja kwako," alisema. "Maneno yenu nimeyasikia. Hata walioko sokoni wameyasikia. Twende nikamwone mgonjwa."

Wakaenda. Frida akafuata. Wenye ndoo nao wakafuata.

"Nifungulie sanduku la chini," alisema Elinipa.

Bonifasi akashusha sanduku la chatu. Akashusha la pili. Jasho likamtoka. Ndipo akafungua kifuniko cha la tatu, maana yote yalifunguka kwa juu.

"Mnafanya hivi mara ngapi?"

"Kila siku," alijibu Bonifasi. "Lazima tubadilishe maji yao."

"Kwa hiyo kila siku mnamhamisha chatu. Ungekuwa wewe ungekula?"

Frida akacheka kwa pua. Leonia akatamani ardhi ipasuke, immeze Frida.

Elinipa akainua mkono karibu na bati la paa. "Joto hupanda. Hapa juu saa nane mchana ni jiko. Mkubwa akae chini, sanduku lake ni zito. Likiwa juu, yote yanaweza kuanguka." Akagusa wavu. "Nyoka akitaka kutoka, husukuma kwa pua. Waya unamkwaruza. Hicho ndicho kidonda chake. Na harufu hii ya dagaa inaita siafu. Siafu wakimkuta nyoka amefungiwa, wanammaliza."

"Na kwa nini hali?" aliuliza Leonia. Sauti ilikuwa imepungua.

"Pako wapi pa kujificha? Humu hamna kitu. Barabara nzima inamtazama. Nyoka akiogopa, hali."

"Kwa hiyo si mimi niliyemroga," alisema Frida kwa sauti, ili na wenye ndoo wasikie.

Elinipa alimgeukia Leonia. "Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Halafu nakupa wiki tatu. Nikirudi nikakuta hivi, nawachukua nyoka wote, na kibali sikipitishi."

Leonia alikaa kwenye kigoda. Alijua mtaa ungesema nini. Ungesema Leonia alishindwa, Frida akabaki.

"Dada Frida," alisema Elinipa, "mwonyeshe ghorofa yako. Nyuma yake."

"Nyuma simwonyeshi mtu. Nimejifunza kwa kuhangaika."

"Sawa. Lakini chatu wake akitoroka akakutwa jikoni kwa watu, mtaa hautauliza ni wa nani. Watakuja na marungu kwenu wote wawili."

Frida akageuka kuelekea kwake. Kisha akasema, "Haya, njoo."

Leonia akaona. Masanduku ya Frida hayakuwa yamelaliana. Kulikuwa na fremu ya mbao nene, imefungwa ukutani kwa misumari mirefu. Kila sanduku lilikaa kwenye rafu yake. Nyuma paliachwa nafasi ya kiganja, na matundu madogo ya hewa. Ndani kila nyoka alikaa peke yake. Alikuwa na bakuli la maji na kipande cha chungu cha kujifichia. Chini kulitandikwa nailoni, maji yasidondokee wa chini. Vioo vilisukumwa pembeni, na kila kimoja kilikuwa na kufuli. Miguu ya fremu ilisimama ndani ya makopo ya maji, siafu wasipande.

Leonia alikasirika. Kila kitu kilikuwa rahisi.

"Mbona haya sikuyaona?"

"Kupitia ua unaona mbele tu, mdogo wangu. Nilikuwa nakuona ukichungulia."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Frida akatazama pembeni. "Na nilifurahi kidogo."

Bonifasi alibomoa kila kitu, akaanza upya. Alitengeneza fremu, akaifunga ukutani mbali na dirisha, jua lisiwapige nyoka. Wavu ulirudi Bangwe, mbele pakawekwa vioo vya kusukuma, na chatu akahamia chini na kipande chake cha chungu cha kujifichia. Leonia naye akaongeza jambo moja lake. Alining'iniza pazia la kitenge mbele ya ghorofa nzima. Wageni wakija, analifungua. Wakiondoka, analishusha, nyoka wapumzike.

Kidonda kikakauka. Siku ya kumi na sita chatu alimeza panya. Leonia alizunguka nyumba kwa nyumba kuitangaza habari hiyo, kama vile amepata mjukuu.

Elinipa aliporudi, alifungua kila sanduku. Alisukuma fremu kwa bega, haikutikisika. Akasaini kibali. Kisha akashika lile pazia.

"Hili sijaliona kokote. Nitawaambia na wafugaji wengine waje wajifunze kwako."

Frida alikuwepo. Alikuwa amekuja kusaidia kumshika chatu. Akalitazama pazia juu hadi chini.

"Kwani hiki si kitambaa tu?" alisema.

"Ni kitambaa tu, dada," alijibu Leonia, akijizuia kucheka. Uso ule wa Frida aliungoja mwaka mzima. Alitaka kuutazama kidogo zaidi.

Elinipa akaaga, akaondoka. Frida bado alikuwa amesimama, anapima pazia kwa shibiri, anajifanya anakuna mkono. Jikoni mawese yalikuwa yanachemka, na ugali wa muhogo ulikuwa tayari.

"Kitenge kimebaki kipande," alisema Leonia. "Kinakutosha. Lakini kwanza nawa kwa sabuni, umeshika nyoka. Halafu ingia tule, ugali unapoa."