Mazuku na Nyota Iliyozeeka

Kila asubuhi Wivine na jirani yake Gradi walienda shuleni pamoja, wakikatiza kwenye mawe meusi ya volkano upande wa Mugunga. Gradi alipiga mpira wake mbele. Wivine alibeba mshumaa ndani ya mkebe wenye mkono wa waya. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kueleza darasani jinsi wataalamu wanavyochunguza gesi inayozunguka nyota kubwa zilizozeeka, na mshumaa ungekuwa nyota yake.

"Nyota kubwa ikizeeka inavimba, inapumua gesi yake nje," alisema akijizoeza.

"Na nani aliiona hiyo gesi? Weye?" Gradi alicheka. "Nitakuuliza mbele ya wote. Utanyamaza kama jiwe!"

Wivine aliongeza mwendo; jibu alikuwa amelisoma, ila hakujua namna ya kulieleza. Swali hilo ndilo aliloliogopa.

Mara mpira uliruka, ukatumbukia ndani ya shimo. Upepo haukuwapo kabisa. Gradi akatupa mkoba ili ateremke.

"Ngoja!" Wivine alimshika shati. Alikuwa ameona panya amelala ubavu kule chini, wala hakuna nzi hata mmoja juu yake. "Humo kuna mazuku, ile hewa ya sumu inayotoka ardhini na kutuama mashimoni."

"Mazuku iko wapi? Mimi naona mpira tu."

Wivine aliwasha mshumaa, akatundika mkebe kwenye fimbo ndefu, akaushusha polepole huku amesimama juu. Ulipokaribia mpira, moto ukazimika. Akauwasha tena. Ukazimika palepale.

Gradi alirudi nyuma. "Wivine, kama ningeshuka..."

Walikimbia kumwita mwalimu Donat. Alikuja na mti mrefu wenye ndoano, akauvuta mpira bila kuteremka.

Darasani, Wivine alipomaliza kueleza, Gradi alinyoosha mkono. Sasa hakucheka. "Nani aliiona hiyo gesi?"

"Hakuna aliyeenda kuiona," alijibu Wivine, sauti imesimama imara. "Wanatazama mwanga wa nyota uliopita ndani yake. Gesi inameza rangi fulani. Zile zinazokosekana ndizo zinawaambia ni gesi gani."

"Kumbe kama mshumaa wetu! Mazuku hatukuiona, tuliona moto ukizimika tu."

"Ndiyo. Kama mshumaa wetu."

Mwalimu Donat alisimama. "Watoto, kitu kisichoonekana hujulikana kwa kazi yake. Wivine alitazama vizuri kabla ya kusogea, ndiyo maana Gradi yuko hapa. Lakini mkishuku mazuku, hata mshumaa msiwashe. Kaeni mbali, mumwite mutu mukubwa."

"Hata mpira ukibaki humo, mwalimu?"

"Hasa mpira ukibaki humo, Gradi."